Mierezi Nyuma ya Dirisha Lako

Bonde la Otani, Yoshino
Jumapili, tarehe 16 Machi

Kwa Dada yangu Chinami,

Walimu walitufundisha kwamba barua ya heshima huanza kwa kutaja majira, ndipo umjulie mtu hali. Haya basi: maua ya mplamu yanapukutika, mto umejaa maji ya theluji, na mlima wetu umegeuka rangi ya kutu kwa maua ya kiume ya mierezi, upepo ukipita unatoka moshi wa manjano kama jiko la mchawi. Heshima nimeimaliza. U mzima? Unakula vizuri? Jiko la hospitali bado halijakuchosha? Na macho yako je, hayo macho yako maarufu, yametulia huko Naha kusikoota mwerezi hata wa dawa? Ukitaka kujua yangu, mimi ni mzima kama kisiki. Nimekupita kwa kichwa kizima, kwa hiyo acha kuniwazia nikiwa mfupi na kamasi.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Simu yako haipokei namba yoyote ya nyumba hii, mimi nikiwemo, na miaka mitano sasa kinachotufikia kutoka kwako ni kadi ya mwaka mpya yenye picha ya mnyama na anwani pembeni. Hiyo anwani ndiyo niliyoiiba. Mwandiko wangu unaujua, kuku anaparua vizuri zaidi, lakini kumbuka niliacha sekondari mwaka wa pili kwa hiari yangu, walimu walinibembeleza mpaka wakachoka. Siku hizi napanda mwerezi wa mita thelathini kwa kamba moja, napogoa matawi huku napiga mluzi, na bonde zima hakuna wa kunifikia. Muulize yeyote, ila usimuulize Baba. Doa hilo hapo juu ni chai.

Sasa habari yenyewe. Tarehe kumi na moja Mei tunafanya kumbukumbu ya mwaka wa kumi na tatu ya Mama. Shangazi Tokie alikuandikia, nawe ukamjibu kwa mstari mmoja, kwamba hutakanyaga kizingiti anachokanyaga yule mzee. Shangazi alinisomea mstari ule mara mbili, kana kwamba mara ya pili ungebadilika. Sikulaumu. Lakini nakuomba ugeuze nia uje, na si kwa ajili ya Mama peke yake. Baba anatuficha jambo, Dada. Jambo lenyewe linanuka mwanamke, na sasa limefika mpaka kwenye mierezi ya nyuma ya nyumba. Mimi peke yangu simwezi. Katika ukoo huu wewe ndiye pekee uliyewahi kumwambia ukweli akanyamaza.

Nianze na masharubu. Unayakumbuka. Mama alikuwa akisema Baba akirudi kwenye ukungu, masharubu hutangulia kufika, yeye hufuata. Basi mwishoni mwa Januari alikuja mezani mdomo mtupu kama yai la kuchemsha. Nikamuuliza kulikoni, akasema yanashika supu. Miaka thelathini supu haikuyaona, mwaka huu ndio imeyaona! Shangazi alinivuta jikoni akaninong'oneza kwamba mwanamume wa miaka hamsini na minane akinyoa masharubu, mtazame miguuni, utakuta viatu vipya. Nikamtazama. Viatu ni vilevile, ila lile koti lake la sufu linalonuka moshi na mbwa lilikuwa limetupwa stoo, na yeye kavaa la nailoni, la bluu, linaloteleza, kama la vijana wanaosimama vituoni kuuza simu.

Halafu kuna mambo ya mlangoni. Zamani Baba aliingia ndani na nusu ya msitu mgongoni. Siku hizi husimama nje, huchomoa kaburashi kadogo mfukoni, hujipangusa mabega, kifua, suruali mpaka kwenye pindo, halafu huingia mbio kunawa uso. Anayanawa macho taratibu kwa maji ya baridi kama mtoto mchanga anavyonawishwa. Sasa niambie, mtu anayetoka kukata miti ana nini cha kupangusa? Poda. Shangazi naye anasema ni poda, na Shangazi kaolewa mara mbili, anajua.

Na nguo! Unakumbuka ulivyokuwa ukimwomba asianike magodoro ukutani siku za upepo, ukamwambia kila usiku unalalia chavua, ule unga wa mierezi, naye akajibu kwamba jua la mlima huu ni dawa na kwamba anayekula mwerezi halizwi na mwerezi. Msemo wa Babu. Aliutumia kwako kama fimbo. Basi mzee huyohuyo kafunga kamba kwenye ujia wa juu, pale mbele ya chumba chako, na mashati yake anayaanika ndani. Nikamuuliza, akanijibu kwamba jua linafubaza rangi. Mashati yenyewe ni meupe, Dada.

Jioni televisheni ikionyesha ramani ya chavua na upande wetu umeiva nyekundu, zamani alikuwa akicheka, anasema eti watu wa mjini wanaogopa unga. Siku hizi haniruhusu kubadilisha stesheni. Anataka kujua Jumanne upepo utakuwaje. Jumanne tu! Kwa sababu Jumanne, wiki moja ndiyo na wiki moja hapana, hupanda basi la saa tatu na dakika kumi kwenda mjini. Kaanza Januari, theluji ikiwa bado barabarani. Anasema anakwenda kwenye ofisi ya ushirika wa wakata miti. Nilipopeleka vipimo vya magogo nikamuuliza yule binti wa mapokezi, akasema Bwana Uegaki hajamwona tangu mwaka uishe. Nikacheka, nikajifanya nimesahau.

Na anarudi na nini? Macho mekundu na kipande cha tofu. Kila safari, tofu. Kana kwamba hapa kijijini watu hawajui kusaga soya! Karatasi yake ina muhuri wa duka la Bi Sanae, yule mjane wa karibu na stendi, mwenye shingo nyeupe na sauti kama ya mtu anayekuamsha polepole. Niliposema tu jina lake Shangazi akaacha kisu kwenye mzizi wa yungiyungi aliokuwa akikata (anatulisha mizizi hiyo kila siku, anadai inazuia mafua ya chavua, mimi naona inazuia hamu ya kula tu) akasema, "Nilijua!" Shangazi hujua mambo yote baada ya kuambiwa.

Hayo yote ningeyameza. Mzee ni mjane miaka kumi na miwili, akitaka kula tofu na ale. Lakini Alhamisi asubuhi nilizunguka nyuma ya nyumba nikakuta miti yetu imefungwa utepe. Utepe wa waridi, Dada, ule wetu wa kazini, na wewe ni mtoto wa bonde hili, sina haja ya kukueleza kwamba shina likifungwa utepe siku zake zimehesabika. Nikaifuata mmoja mmoja. Arobaini na mmoja. Ni ule msitu mdogo kati ya dirisha lako na mteremko, alioupanda baba yake Babu, ambao Babu alisema hata nyumba ikiungua usiguswe. Nikamfuata Baba kwenye karakana nikamuuliza nani kaifunga na anamuuzia nani. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Mlima wangu, utepe wangu." Nikamwambia mlima ni wa wote wanaokufa wakiutazama. Nilijivunia sana jibu hilo. Akaniambia nikanoe shoka niache kutunga mashairi.

Shangazi amepata habari kwamba paa la Bi Sanae linavuja. Jumlisha mwenyewe. Arobaini na mmoja ni paa, ni nguzo, ni nyumba nzima mpya.

Nadhani unajua kwa nini nakuandikia wewe. Mzee aliyeweza kuitupa dawa ya macho ya binti yake asubuhi ya mtihani wa kuingia chuo anaweza lolote. Sikuwahi kukuandikia kuhusu siku ile, na leo pia tuiache. Keshokutwa ni Jumanne yake. Nitamfuata. Nimepata miwani ya kubana kama ya waogeleaji, barakoa na kofia, hata Mama asingenijua. Usidhani navaa kwa ajili ya chavua. Macho yangu ni chuma. Doa hili la pili ni chai pia, kikombe changu kina ufa.

Jumatano, tarehe 19 Machi

Dada, nilitaka kuzichana hizo kurasa za juu. Nimeziacha kwa sababu nimeziandika kwa jasho, na kwa sababu bila hizo hutaelewa mdogo wako ni mjinga wa kiasi gani. Soma, cheka, endelea. Wala usirukie mwisho. Najua tabia yako ya kuanza kitabu kwa ukurasa wa nyuma.

Jana nililifuata basi kwa pikipiki. Ulikuwa upepo ule wa kwanza wa kusini, wa kung'oa mabati, na kila ulipopiga, mlima ulitoa wingu. Baba alishuka stendi naye kavaa barakoa na miwani, nikajisemea mwizi huyo, anajificha sura. Akapita soko la samaki, akakata kushoto, akaenda moja kwa moja kwenye jengo la Bi Sanae. Hakugonga wala kuita. Alipita mlango wa pembeni akapanda ngazi kama mtu anayerudi kwake. Dada, nilihisi kama nimeona jeneza la Mama likitolewa mara ya pili.

Nikajibanza ng'ambo nyuma ya mashine ya vinywaji. Mpango wangu ulikuwa mzuri: nisubiri dakika kumi, nipande, niwakute. Lakini miwani ile ya bei poa ilikuwa imepasuka ukingoni na upepo ukaingia humohumo. Sitaki kukuchosha. Nitasema tu kwamba dakika ya nne sikuona mashine, dakika ya sita sikuona mkono wangu. Nilijikuna. Wewe unajua kinachotokea ukijikuna: kinakuwa kitamu, halafu kinakuwa moto, halafu jicho linavimba kama bisi. Nikaanguka kwenye kreti za chupa kwa kishindo.

Aliyekuja kuniokota alikuwa Bi Sanae mwenyewe. Nilimtambua kwa sauti. Akanipiga kwenye kiganja, akasema, "We kijana, toa vidole machoni! Mmoja kila siku ananiangukia hapa. Daktari yuko juu, njoo." Nikataka kumwambia namjua yeye ni nani na anataka nini kwa baba yangu, lakini mtu anayeongozwa kwa mkono huku machozi yanamdondoka puani hana sauti ya kutisha. Nikapandishwa ngazi zilezile. Sikukuta kitanda, Dada, wala maua, wala mapazia ya waridi. Kulikuwa na harufu ya dawa na meza ya mapokezi. Bi Sanae akachomoa pochi yangu mfukoni kama mama yangu mzazi, akampa nesi kadi yangu ya bima, akanikalisha, akarudi kwenye tofu yake.

Chumba kilijaa. Watu ishirini wa barakoa na miwani, kimya, kama wafuga nyuki waliokuja kuzika mzinga. Kwa jicho moja lililobaki nikaanza kumtafuta Baba na mwanamke wake, nikamshuku mama mmoja mwenye skafu, nikamshuku na nesi. Mzee aliyekaa kushoto kwangu alinong'ona nisijikune, nibonyeze chupa ya baridi juu ya kope, akanipa yake. Nikamshukuru. Nikamwambia mimi sina ugonjwa, niko kazini. Akasema hata yeye alianza hivyohivyo.

Nesi akaita, "Bwana Uegaki." Nikasimama. Na mzee wa kushoto akasimama.

Tulitazamana miwani kwa miwani. Ilikuwa ya aina moja, hata ufa ulikuwa upande uleule. Watu wote ishirini waligeuka. Baba akaiinua yake mpaka kwenye paji, macho yake mekundu kama ya sungura, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia, akasema kwa sauti ya mtu anayekemea mbwa, "Nani analinda karakana?"

Daktari ni mama mfupi mwenye maneno mengi kuliko Shangazi. Kwa kuwa tulisimama wote alituingiza wote. Alinigeuza kope nje kama anakunja soksi, akasema utando wa jicho umevimba kama jeli, nimekuwa nikitumia dawa gani. Nikasema maji ya mto. Akamgeukia Baba, akasema, "Huyu ndiye mwanao unayesema ana macho ya chuma?" Kisha akatusema sote. Nusu ya nchi inalia kila masika bila aibu, lakini sisi watu wa mierezi tunajifanya tuna macho ya mbao mpaka yanafunga. Akamsifu Baba kwamba kaanza matone Januari, wiki mbili kabla ya mti wa kwanza kumwaga, ndiyo maana mwaka huu anaona barabara. Amenyoa masharubu alipoambiwa yanabeba chavua, ameacha sufu, anajipangusa nje, anaanika ndani. Kila aliposema jambo nilihisi ushahidi wangu unaporomoka kama kuni zilizopangwa vibaya.

Halafu akaniuliza kalamu mkononi, macho yameanza kuwasha lini. Nikasema mwaka huu. Baba alikuwa kakaa kwenye kigoda nyuma yangu. Akakohoa, akasema, "Mwambie daktari ukweli. Tangu ana miaka kumi na minne."

Dada Chinami, weka barua chini kidogo kama una kitu jikoni, halafu urudi.

Ile chupa niliichukua mimi.

Ulikuwa ukiiweka kwenye rafu ya kioo, pembeni ya mswaki wako. Macho yangu yalianza mwaka ule, wiki ileile. Na mimi darasani nilikuwa nimeshajitangaza kwamba sisi akina Uegaki damu yetu ni utomvu, tunawacheka wanaopiga chafya. Ningesema nini? Usiku wa kuamkia mtihani wako niliamka naungua, nikajitia matone mawili. Ilikuwa raha, Dada, ilikuwa kama kuzimiwa moto. Nikaenda nayo kitandani nijitie tena kidogo, nikalala. Kulipokucha nikakusikia unafungua droo. Nikakusikia unamwaga kikapu cha nguo, unashuka, unapanda, unaita. Mimi nilikuwa chini ya blanketi nimeishika mkononi, imepata joto la kiganja. Kutoka kitandani kwangu mpaka kwako ni hatua sita. Nilizihesabu. Nilijisemea, akinijia mlangoni nitampa. Hukuja kwangu. Ulikwenda kwa Baba, kwa sababu jana yake jioni alikwambia mbele ya wote kwamba dawa inadekeza macho na kwamba ile chupa ataitupa mtoni. Ukamwambia ni yeye. Nikangoja akatae. Hakukataa. Alisimama tu na lile koti lake la moshi. Basi na mimi nikanyamaza, na ukaenda kwenye mtihani na macho kama matunda yaliyoiva, na upepo ukiwa wa kusini kama wa jana, na karatasi ya pili hukuiona.

Mwezi wa nne ukaondoka na begi moja. Nilikubebea mpaka kituoni. Ulinipa peremende. Ninayo mpaka leo, imeyeyuka ikagandamana na karatasi yake.

Tulipotoka kwa daktari Baba alitangulia kushuka ngazi. Akaingia kwa Bi Sanae, akaagiza bakuli mbili za tofu ya moto, tukakaa kwenye benchi karibu na sinki. (Bi Sanae ana mchumba, fundi wa paa. Mwambie Shangazi wewe, mimi siwezi kuuona uso wake.) Nikamuuliza Baba alijua tangu lini. Akasema aliikuta siku ya pili ndani ya buti langu la mvua, tupu. Nikamuuliza mbona hakusema. Alikula kwanza. Halafu akasema usiku ule kweli alitamka kwamba ataitupa, na mtu akishatamka jambo kama hilo hana haki ya kulalamika akisingiziwa. Akasema pia kwamba binti akimchukia baba yake anaweza kwenda mbali akaishi, lakini mimi wakati ule nilikuwa nimefiwa na mama, dada naye akinichukia ningebaki na nani. Nikamwambia basi ningebaki na wewe, Baba. Akasema, "Ndicho hicho ninachosema," akaniongezea tofu.

Macho yake yalianza mwaka juzi. Alidhani ni vumbi la msumeno. Siku moja aliamka kope zimeshikamana akashindwa kuuona mlango, akakaa pale sakafuni, na anasema kitu cha kwanza kilichomjia ni wewe ukipapasa ile rafu ya kioo. Hakunitazama alipoyasema hayo. Mimi pia sikumtazama. Tulikuwa tumetiwa matone tu, watu wangedhani tunalia.

Nilibaki na utepe. Nilikuwa bado nina shaka, unanijua, nikamwuliza anamuuzia nani miti ya Babu. Akasema hamuuzii mtu. Alipanda kwenye dirisha lako siku ya upepo, akafungua, akasimama kuangalia wingu linaingia kutoka wapi. Lilitoka kwenye ile arobaini na mmoja, moja kwa moja mpaka kwenye mto wako wa kulalia. Miaka kumi na minane ulilala kwenye mdomo wa kinu. Anaikata vuli hii, na miche atakayopanda ni ile mipya isiyomwaga chavua. Mimi ndiye nitakayepanda juu kuipunguza vilele, kwa sababu kazi ile haina mwingine wa kuiweza, hilo usilitilie shaka. Leo asubuhi niliingia chumbani kwako nikatazama. Ikiisha kuanguka, kutoka dirishani utaona mto. Sikujua kama uko karibu hivyo.

Sikuandikii unisamehe. Ukisamehe haraka nitajua umerukia mwisho. Nakuandikia ujue uliyemkasirikia miaka mitano si yeye. Tarehe kumi Mei nitakuwa kituoni tangu basi la kwanza mpaka la mwisho. Kufikia siku hiyo mierezi itakuwa imekwisha kumwaga, na hata miti ya hinoki inayomwaga baada yake, daktari kaapa. Ukishuka, nipige kwanza, nimekuwa mrefu kwa hiyo itakubidi uruke, halafu tumwendee Mama. Usiposhuka nitarudi na pikipiki yangu, na sitamshuku mtu tena isipokuwa mimi.

Ndani ya bahasha kuna chupa ndogo. Ni dawa ileile uliyokuwa ukitumia, haijafunguliwa, nimemwomba daktari. Najua Naha huihitaji. Ni yako tu.

Shangazi Tokie anakusalimu na anatishia kukutumia mizizi ya yungiyungi. Bi Sanae hakujui lakini anakusalimu. Wasalimie wenzako wa jikoni, wapishi na waosha vyombo, na bahari usiisahau. Baba nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza anataka niseme nini. Alizunguka karakana mara mbili, akashika shoka, akaliweka. Akasema, "Mwambie siku hizi tunaanika ndani."

Ni mimi mdogo wako, mwizi wa rafu ya kioo,

Issei

Tena: yale madoa mawili kule mwanzo si chai. Na haya ya ukurasa huu usiyaulize.